Semeni Hali Kabla ya Bei: Barua ya Wazi kwa Wanunuzi wa Sarafu za Kale Wilayani Same

Ndugu zangu mnaonunua sarafu za kale katika magulio ya Same mjini, Makanya, Hedaru, Kisiwani, Maore na Ndungu. Nanyi vijana mnaopanda milimani kwa pikipiki hadi Mbaga, Suji, Chome, Vunta na Mamba, mkibisha hodi nyumba kwa nyumba kuulizia rupia za Mjerumani:



Sina ugomvi na biashara yenu. Mimi mwenyewe ni mkusanyaji wa sarafu. Nimenunua kwa baadhi yenu, na baadhi yenu mmenunua kwangu. Bila ninyi, rupia nyingi zingeishia kwa sonara, zikayeyushwa kuwa bangili, na hakuna mtu angejua kwamba ziliwahi kuwapo. Nawaandikia hadharani kwa sababu ninyi ni wengi, hamna chama wala ofisi, na jambo lenyewe linatendeka hadharani, juu ya mikeka na mabenchi ya magulioni. Nina dai moja tu: kabla hamjataja bei, semeni hali ya sarafu kwa ukweli, mbele ya mwenye nayo.

Mnajua ninachozungumzia. Mama anafungua kitambaa, anatoa rupia aliyoachiwa na babu yake. Mnunuzi anaigeuza mara mbili, anakunja uso: "Mama, hii imechoka. Haina kitu. Nakupa ya soda tu, ili usirudi mikono mitupu." Mama anapokea. Jioni ileile, karibu na stendi ya Same, sarafu ileile inatolewa mfukoni kuonyeshwa mnunuzi wa kutoka Moshi au Arusha, na sasa inasifiwa: "Angalia tai kwenye kofia, mabawa yote yapo. Hii haijatumika sana." Kutoka mlimani hadi stendi sarafu haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni maneno, na faida yote imetoka kwenye maneno hayo.

Wakulima wa wilaya hii wanaijua lumbesa. Wamepigania kwa miaka mingi tangawizi na vitunguu vyao vipimwe kwa mizani na visijazwe gunia hadi lipasuke, huku likihesabiwa kuwa gunia moja. Leo mwenye mizani iliyochezewa anaweza kufikishwa kwa Wakala wa Vipimo. Kusema uongo juu ya hali ya sarafu ni lumbesa ya namna yake, tena isiyo na mkaguzi. Ndiyo maana ukaguzi wenyewe inabidi utoke kwenu.

Tukumbushane kwanza kwa nini milima hii ina sarafu nyingi kiasi hiki. Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa pesa za shaba na rupia zake mwaka 1890. Miaka michache baadaye ikaja kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, na mtu wa Upare akalazimika kuitafuta rupia hata kama sokoni kwake alikuwa bado anabadilishana mbuzi kwa nafaka. Wengine waliipata mashambani, wengine kwenye misheni, kama ile ya Wasabato iliyofunguliwa Giti mwaka 1903, wengine kwenye ujenzi wa reli ya Tanga iliyopita Mkomazi, Hedaru, Makanya na Same hadi ikafika Moshi mwaka 1911. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilichukua utoaji wa sarafu kutoka kwa kampuni. Rupia iliyokuwa na pesa 64 ikawa na heller 100.

Vita vikaja, Waingereza wakashuka na reli mwaka 1916, na baada ya muda ikaingia shilingi yenye simba. Kwa shilingi hizo Wapare walidaiwa kodi ya mbiru, ile iliyowafanya maelfu yao washuke Same mwaka 1945 kuipinga. Habari zake aliziandika vizuri marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa milima hii. Kisha mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ikatoa sarafu zetu wenyewe, zenye kichwa cha Mwalimu Nyerere. Kwa hiyo kopo moja la maziwa chini ya kitanda cha bibi linaweza kuwa na sarafu za kampuni moja na serikali tatu. Hilo kopo halistahili kukadiriwa kwa kukunja uso.

Sasa tuje kwenye ukaguzi wenyewe. Wengi wenu mnaujua, lakini barua hii itasomwa pia na wenye sarafu, nami nataka wajue mnachokiangalia.

Sarafu huchakaa kwanza mahali palipoinuka. Kwenye rupia ya Mjerumani, upande wa Kaisari Wilhelm wa Pili, palipoinuka ni yule tai aliyekaa juu ya kofia yake ya chuma, kisha masharubu na shavu. Mabawa ya tai yakionyesha mistari ya manyoya, na ncha za masharubu zikiwa bado kali, sarafu hiyo imetumika kidogo sana. Tai akibaki umbo tu lisilo na manyoya, lakini kofia na uso bado vina mipaka yake, hiyo ni hali ya kati. Uso ukiwa laini kama kokoto ya mtoni, ukaweza tu kutambua kwamba ni mtu mwenye kofia, basi hapo ndipo mtu ana haki ya kusema "imechoka". Upande wa pili, kwenye rupia za kampuni, muangalie simba aliyesimama mbele ya mnazi: manyoya ya shingo yake hufutika mapema kuliko mnazi. Rupia za serikali, za kuanzia 1904, hazina simba. Zina maandishi, mwaka na herufi ndogo ya kiwanda: A ni Berlin, J ni Hamburg. Herufi hiyo isomwe kwa sauti, maana kwa mkusanyaji mwaka na herufi vinaweza kubadilisha bei ya sarafu mbili zenye hali moja.

Iwekeni sarafu kwenye mwanga wa pembeni, karibu na dirisha au mlango. Jua la utosi haliwafai, wala tochi ya simu iliyoelekezwa moja kwa moja. Shikeni ukingo, si uso. Zungusheni taratibu. Sarafu ambayo haijatumika ina mng'ao unaozunguka pamoja na mwanga, kama unatembea juu ya sarafu. Ndio mng'ao wa kiwandani, na haurudi ukishapotea. Sarafu iliyosuguliwa nayo inang'aa, lakini mng'ao wake umetulia mahali pamoja, na ndani yake utaona mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja.

Hapa ndipo penye madhara makubwa, na nitayaeleza kwa mfano niliouona kwa macho yangu. Bibi mmoja alileta gulioni rupia ya 1910 yenye herufi J. Ukubwa wake, uzito wake, herufi zake, vyote vilikuwa safi. Hata tai alikuwa na manyoya. Lakini shavu la Kaisari lilikuwa limejaa mikwaruzo, na uwanda ulio mbele ya uso wake, ambao ulipaswa kuwa laini na wa kijivu, ulikuwa mweupe kama kijiko kipya. Nilipomuuliza, alisema kijana aliyepita kijijini alimwambia kwamba sarafu chafu hazinunuliwi, akazisugue. Akazisugua zote kwa majivu na limau, usiku kucha, na wajukuu wakimsaidia. Kijana hakurudi. Kwa kauli yake moja ya haraka, mali iliyotunzwa kwenye chungu tangu enzi za baba wa bibi yule iliharibika kwa usiku mmoja, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Ule weusi na ukijivu wa sarafu ya madini ya fedha si uchafu. Ni ngozi iliyojijenga polepole kwa hewa na miaka, na wakusanyaji wanaipenda kwa sababu inathibitisha kwamba sarafu haikuguswa. Vivyo hivyo rangi ya kahawia kwenye pesa na heller za shaba: ikiwa imeenea sawasawa, ni hali njema kabisa. Kinachopaswa kuogopwa kwenye shaba ni kutu ya kijani inayotoka kama unga ukiigusa, kwa kuwa hiyo inaila sarafu. Wanaojua kazi hii duniani kote wanapunguza bei ya sarafu iliyosuguliwa, hata ikiwa na michoro yote, na kampuni kubwa za ukaguzi hukataa kuipa daraja la kawaida. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayemwambia mwenye sarafu aisugue anaharibu bidhaa aliyokuja kuinunua.

Tuje basi kwenye tundu. Sarafu nyingi za huku zina tundu, na wengi wenu mnalitumia kushusha bei ya kila moja. Tofautisheni. Heller 5 na heller 10 za madini meupe zilitoka kiwandani zikiwa na tundu katikati, na michoro imepangwa kulizunguka. Senti 1, 5 na 10 za Afrika Mashariki za Mwingereza vilevile. Tundu la kiwandani lina mdomo laini na liko katikati kabisa. Tundu lililotobolewa kwa msumari ili mtoto avae shingoni liko karibu na ukingo, limekula herufi, na mara nyingi limeacha mdomo uliojikunja upande mmoja. La kwanza si kasoro. La pili ni kasoro kubwa, hata kama kumbukumbu ya familia iliyomo ndani yake haina bei.

Kwenye sarafu hizo hizo zenye tundu kuna hadithi inayosumbua watu. Mwaka 1936 Mfalme Edward wa Nane alitawala kwa miezi isiyotimia mwaka, akajiuzulu. Sarafu zenye uso wake hazikuingia sokoni, lakini senti 5 na 10 za Afrika Mashariki, kwa kuwa hazina uso wa mfalme, zilishapigwa zikiwa na jina lake. Watu wakisikia habari ya mfalme aliyeondoka wanadhani wameshika utajiri. Ukweli ni kwamba zilipigwa kwa mamilioni. Iliyochakaa ni ya bei ndogo tu. Iliyo mpya kabisa ndiyo inayotafutwa. Semeni hivyo kwa mwenye nayo, badala ya kumdharau au kumpa ndoto.

Sarafu inayohitaji subira zaidi ni ile ya Tabora. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia manowari za Waingereza ziliziba bahari, sarafu kutoka Ujerumani zikaacha kufika, na Wajerumani wakalazimika kutengeneza zao Tabora mwaka 1916: heller 20 za shaba ya manjano na za shaba nyekundu, heller 5, na rupia 15 za dhahabu. Zina herufi T. Vifaa havikuwa vya kiwanda cha sarafu, na heller 20 nyingi zilitoka na taji hafifu, herufi zilizofifia upande mmoja, au uso uliopinda kidogo. Mnunuzi wa haraka akiona taji halionekani vizuri husema imechakaa. Si lazima. Angalieni uwanda unaozunguka michoro: kama bado una mikwaruzo ya asili ya bamba lenyewe na kingo ni kali, basi sarafu haikutembea mikononi mwa watu; ilizaliwa hivyo. Kuchakaa hulainisha kila kitu, michoro na uwanda na ukingo kwa pamoja. Chapa hafifu hufifisha sehemu moja na kuacha nyingine ikiwa kali. Mtu asiyejua tofauti hiyo asithubutu kukadiria sarafu ya Tabora, wala ya kununua wala ya kuuza.

Rupia 15 za dhahabu nazo zimeleta balaa lake. Zilipigwa kwa dhahabu ya Sekenke, zipatazo 16,000, zikiwa na tembo aliyeinua mkonga na milima nyuma yake. Kwa kuwa sifa yake ni kubwa, nakala zake zimezagaa. Ya kweli ina uzito wa gramu 7.17 hivi. Ya shaba iliyopakwa rangi, ikiwa na ukubwa uleule, itakuwa nyepesi mno, kwa sababu dhahabu ni nzito. Nakala za kumimina kwenye kalibu huonyesha pia vitundu vidogo kama vya ngozi na mstari unaozunguka ukingo. Rupia 1 ya kweli ina gramu 11.66, nusu rupia ni 5.83, na robo ni kama 2.9; iliyochakaa sana hupungua kidogo, lakini haipungui gramu mbili. Mizani ndogo ya sonara inamaliza mabishano mengi.

Kuhusu sumaku, niseme wazi, kwa sababu uongo wake unafilisi watu. Yapo maneno mitaani ya "rupia yenye nguvu", ya zebaki nyekundu, ya sarafu inayovuta vitu na kununuliwa kwa mamilioni na wageni wasiojulikana. Madini ya fedha hayavutwi na sumaku. Shaba haivutwi. Dhahabu haivutwi. Rupia ikishikwa na sumaku, mliyoshika ni chuma kilichopakwa, basi. Shilingi 500 yenye nyati tunayonunulia chai leo hushikwa na sumaku, maana ndani ni chuma, na hakuna aliyewahi kutajirika nayo. Anayewaambia wazee watoe "pesa ya maandalizi" ili mnunuzi wa sarafu ya nguvu aje ni tapeli, na ninyi wanunuzi wa halali mnapaswa kuwa wa kwanza kumtaja, kwa sababu yeye ndiye anayewachafulia jina.

Shilingi ya simba msiipite pia. Zile za 1946 na kurudi nyuma zina robo ya madini ya fedha; za 1948 na kuendelea hazina. Kwenye simba, tazameni manyoya ya shingo na misuli ya bega. Kwa upande wa mfalme, tazameni taji na nyusi. Na sarafu za 1966 zenye samaki, mbuni, sungura na mwenge mnazitupa kana kwamba ni vifungo. Zilizochakaa zimejaa, ni kweli. Lakini shilingi ya 1966 ambayo vidole vinavyoshika mwenge bado vina mipaka yake, na shavu la Mwalimu bado lina mng'ao wa kiwandani, si kitu cha kukutwa kila kopo. Iwekeni kando.

Nimesema habari za madaraja. Wamarekani wana mizani ya namba 1 hadi 70 iliyoanzishwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti zao kubwa za shaba. Wazo lake la mwanzo lilikuwa rahisi: sarafu ya namba 70 iwe na thamani mara 70 ya ile ya namba 1. Bei haikukaa hivyo, lakini namba zilibaki, na tangu 1986 kampuni za huko huzifunga sarafu kwenye plastiki zikiwa na namba zake. Sisi hatuhitaji kumtumia mtu Marekani senti ya kumi. Tunahitaji maneno machache tunayokubaliana, na napendekeza haya matano: haijatumika, imetumika kidogo, nzuri (maana yake michoro mikubwa yote ipo), imechakaa, na mbovu (yaani imetobolewa, imekunjwa au imeliwa na kutu). Kando ya neno hilo liongezwe jingine pale inapolazimu: imesuguliwa. Hata mabingwa wawili wanaweza kutofautiana daraja moja. Hiyo ni haki yao, na yenu pia. Kinachokatazwa ni kusema "mbovu" mlimani na "imetumika kidogo" stendi.

Najua mtakavyojibu. Mtasema nauli ni kubwa, pikipiki inakula mafuta, na sarafu nyingine hukaa mwaka mzima bila mteja. Kweli. Mtasema wenye sarafu nao hudanganya, wanadai mamilioni kwa senti ya mwaka 1956 kwa sababu jirani aliwaambia. Kweli pia. Mtasema ujuzi wenu ni mtaji, na hakuna mfanyabiashara anayegawa mtaji wake bure. Hapo nakubaliana nanyi nusu. Hamlazimiki kumwambia bibi ni nani atakayeinunua Nairobi au Ujerumani, wala atatoa kiasi gani. Hiyo ni siri ya biashara, na faida ya kujua soko ni halali yenu. Lakini hali ya sarafu si siri yenu. Iko juu ya sarafu, nayo ni mali ya bibi mpaka atakapoiuza. Kumficha au kumgeuzia kile kilichoko mkononi mwake mwenyewe ni kumwibia kwa ulimi.

Kuna pia hofu ambayo baadhi yenu mnaitumia. Mwaka 2025 Benki Kuu ilipotoa miezi mitatu, kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, ili noti za zamani zibadilishwe, wapo waliopanda milimani kuwaambia wazee kwamba sarafu za Mjerumani nazo zinapigwa marufuku, waziuze haraka kabla hazijakamatwa. Tangazo lile lilihusu noti, tena noti za Tanzania zilizotajwa kwa miaka yake. Halikugusa rupia wala heller. Aliyekuwa akieneza hayo alijua anachofanya.

Na wale mnaowatuma vijana kuchimba kuzunguka mahame, misheni za zamani na kando ya reli, acheni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kwa anayechimba kutafuta malikale. Zaidi ya sheria, milima hii ina makaburi na maeneo ya matambiko ambayo wazee wake hawajayaacha. Sarafu iliyofukuliwa kwa sururu, mara nyingi, inatoka na alama ya sururu, na hivyo hata tamaa yenyewe hailipi.

Sasa ninachowaomba. Kwanza, kila mnunuzi awe na lenzi na mizani ndogo, na mwenye sarafu aachwe aangalie kupitia lenzi hiyohiyo kabla ya bei. Pili, asiwepo wa kumwambia mtu asugue. Mwambieni aifunge kwenye karatasi kavu, kila sarafu peke yake, na kama ina udongo, ailoweke kwenye maji safi na kuikausha kwa kuigandamiza kitambaa laini bila kuvuta. Tatu, andikeni karatasi ya mauzo: aina ya sarafu, mwaka, herufi ya kiwanda, uzito, hali kwa moja ya yale maneno matano, na bei. Nakala mbili, sahihi mbili. Karatasi hiyo itawalinda ninyi pia siku mtoto wa mwenye mali atakapokuja kudai kwamba baba yake alidhulumiwa.

Kwa Halmashauri ya Wilaya nina ombi fupi. Afisa Utamaduni aweke meza moja kwenye gulio la Same mjini, siku moja kwa mwezi, yenye mizani iliyokaguliwa, lenzi na picha kubwa za rupia, heller na shilingi katika hali zake tano. Haitagharimu hata bei ya jukwaa la mkutano mmoja. Na walimu wa historia wa sekondari zetu waziombe familia ruhusa ya kuzipiga picha sarafu zao kabla hazijauzwa, pamoja na maelezo ya zilivyopatikana: kwenye kodi, kwenye reli, kwenye mkonge au kwenye tangawizi ya kwanza ya babu. Sarafu ikishavuka Himo haina tena jina la kijiji chake.

Upare ulikuwa na wahunzi waliouza chuma kwa majirani muda mrefu kabla ya Mjerumani kufika, na jembe la chuma mnunuzi anaweza kuligonga akasikia sauti yake kabla ya kulipa. Biashara yenu inaweza kuendeshwa kwa uwazi huohuo. Anayekubali aanze gulio lijalo, aje na lenzi, mizani na kitabu cha risiti, nami nitaleta sarafu zangu kwake zikaguliwe kabla ya za mtu mwingine yeyote.

Wenu katika kazi,

Mkusanyaji wa sarafu,
Same.